Mahali pa Kulaza Feza za Watu

Siku ya pili baada ya mimi kuacha kazi, Noela, binti aliyekalia kiti changu, alinipigia telefone asubuhi. Hata salamu aliikata nusu. Alikuwa amesimama banki, ile ndogo ya karibu na bandari, tangu saa mbili. Rezo, yaani mtandao, ilikuwa imekatika na mbele yake kulikuwa na watu kumi na wanne.

"Mama Agnesi," akasema, "juu ya nini feza za wateja tunaziweka huku? Pale katikati ya muji kuna banki kubwa, iko na klima ya kupoza hewa, iko na viti. Nani alichagua hii?"

Nilimwambia rezo itarudi, asiache nafasi yake kwenye mstari. Kisha nikakata, maana jibu lake halikuwa la telefone. Sasa nimekaa barazani na daftari niliyomwomba mjukuu wangu, ninaliandika. Noela, na ninyi wengine wa kabine yetu ya uwakili, someni polepole. Mkiwa kwenye mstari ule mtakuwa na muda wa kutosha.

Niliingia kwa Metre Kalunga nikiwa na miaka ishirini na miwili. Metre ndilo jina tunalowaita maavoka, mawakili wetu, na yeye wakati huo alikuwa avoka kijana mwenye suti moja na madosie mengi ya kesi. Mimi nilikuwa nimesoma sekretariati kwa masista, najua kupiga mashine kwa vidole kumi bila kutazama. Nilikuja tayari kuonyesha vidole hivyo. Hakuna aliyeniuliza.

Aliyenipokea alikuwa karani wa kabine, Papa Sebastiani, mtu mfupi, shati limefungwa mpaka shingoni, miwani imeshonwa kwa uzi upande mmoja. Alinipa karatasi tupu akaniambia nisaini jina langu mara ishirini. Nikasaini. Akaishika karatasi dirishani, akazitazama sahihi zangu moja moja.

"Ya kumi na moja ni ya muntu mwingine," akasema.

"Ni mimi, Papa."

"Najua njo wewe. Lakini banki haitajua. Rudia."

Nilirudia. Banki yenyewe haikuwapo. Miaka ile, kwa sababu ya vita, banki zote za Kalemie zilikuwa zimefunga milango, na Papa Sebastiani alikuwa akinifundisha sahihi ya banki ambayo ingekuja siku moja, Mungu akipenda. Ndivyo alivyokuwa.

Feza za wateja zilikaa katika sanduku la chuma chini ya meza yake. Mjue kwamba kwa avoka kuna feza za aina mbili. Kuna zake, zile mteja anazomlipa kwa kazi. Na kuna zile zinazopita tu mikononi mwake: mtu amelipwa fidia, au parsele, yaani kiwanja, imeuzwa na ndugu wanangoja tribinali, mahakama yetu, igawe, au mdaiwa ameleta alichoamriwa kuleta. Hizi za pili si za kabine hata siku moja. Papa Sebastiani alizitia kila moja katika bahasha yake, na juu ya bahasha aliandika jina la mwenyewe kwanza, kiasi baadaye. Mimi niliwahi kuanza na kiasi. Akaichana bahasha, akanipa mpya.

Zile za Metre zilikaa kwenye droo. Ninakumbuka siku moja Metre alitaka kwenda Nyunzu kwa kesi na pikipiki haikuwa na mafuta. Akatoka chumbani kwake akasimama mbele ya ile meza.

"Papa, nipe kidogo kwa sanduku. Nikirudi narudisha."

Papa Sebastiani alivuta sanduku kwa miguu, akalileta mbele, akaketi juu yake. "Ya kwako iko kwa droo, Metre."

"Droo iko tupu."

"Basi kesi ingoje, ao utafute lifti."

Nilidhani nitashuhudia mtu mzima akifukuzwa kazi. Metre alicheka, akachukua kofia yake, akaenda kutafuta lori. Nilikuwa na wiki tatu tu pale, na siku ile niliamua kukaa.

Banki zilianza kurudi moja moja, lakini sisi tulikuwa tumezoea sanduku. Kilichotutoa huko ni wezi waliovunja duka la jirani yetu. Walichukua mpaka bawaba za mlango. Papa Sebastiani akaanza kuogopa, na kwa woga ule tulichagua haraka. Kulikuwa na koperative moja ya akiba hatua hamsini kutoka biro, yaani ofisi yetu. Shemeji yake Papa alikuwa anafanya kazi pale dirishani. Tena walitoa faida kila mwezi, wakati banki hazikutoa kitu. Tulikubaliana kwa alasiri moja, kama watu wanaochagua mahali pa kunywa chai. Hatukuuliza swali lolote. Nilibeba bahasha mimi mwenyewe, safari mbili, ndani ya kikapu chini ya mboga za lengalenga.

Miongoni mwa bahasha hizo ilikuwamo moja nene ya Mama Leonia wa Moba. Bwana yake alikuwa kapiteni wa boti, akafa kwa ugonjwa, akaacha watoto wanne na parsele moja nzuri hapa Kalemie, upande wa Kataki. Ndugu za marehemu waliitaka. Mama Leonia alipanda boti kutoka Moba kila tribinali ilipomwita, miaka miwili, mtoto wa mwisho mgongoni, na kila mara waliahirisha kwa sababu mmoja wa ndugu wale ni mgonjwa au amefiwa. Metre alishinda kesi ile. Parsele ikauzwa kwa makubaliano ya wote, ndugu wakapewa kitu chao kidogo, na sehemu ya watoto ikabaki kwetu mpaka karatasi za ulezi zitoke. Karatasi zilichelewa. Feza zikahamia koperative pamoja na nyingine.

Wateja wengi walizichukua zao mapema, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Ilipofika Jumatatu ambayo koperative haikufungua, kilichokuwa kimebaki cha maana ndani ni cha Mama Leonia.

Mlangoni walikuwa wamebandika karatasi inayosema wako katika inventari, wanahesabu mali. Inventari ile haijaisha mpaka leo. Shemeji alikuwa ameshavuka ziwa kwenda Kigoma, na sijui kama alikula feza au aliogopa tu waliokula. Papa Sebastiani alienda kusimama mbele ya mlango ule kila asubuhi kwa wiki mbili, kabla ya kuja biro. Hakupiga kelele kama wengine. Alisimama tu, shati limefungwa mpaka shingoni. Siku ya kumi na tano alikuja moja kwa moja kazini, akaniambia, "Agnesi, tuandae safari. Twende Moba."

"Tumwandikie barua, Papa."

"Barua haina uso," akasema. "Anastahili kuona uso wa muntu."

Metre alitaka kwenda yeye, lakini alikuwa na kesi ya mtu aliyefungwa, na kesi ya mfungwa haingoji. Akampa Papa neno moja la kupeleka: kwamba atalipa yeye, kutoka mfukoni mwake, mpaka iishe.

Tulishuka Moba asubuhi, nguo zikinuka mafuta ya mazutu ya boti, tukapanda mlima mpaka Kirungu kwa miguu. Tulimkuta Mama Leonia nje ya nyumba anachambua maharagi. Alipotuona alisimama kwa furaha, akidhani tumemletea karatasi za ulezi. Akatoa viti viwili. Mimi nikakaa, ujinga wangu. Papa Sebastiani alibaki amesimama, akavua kofia, akamwambia yote hapo hapo, kwa sauti ya kawaida, bila kuficha kwamba aliyekuwa dirishani ni shemeji yake.

Mama Leonia alisikiliza ungo ukiwa mapajani.

"Ni zote?" akauliza.

"Zote, mama."

"Metre aliniambia ziko mahali pazuri."

"Metre aliniamini mimi. Njo mimi niliyechagua pale."

Akaendelea kuchambua maharagi kidogo, vidole vyake tu vinatembea, macho hayako pale. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililotuumiza: "Nilipigana na ndugu za bwana yangu miaka miwili. Walinitukana mbele ya watu. Hawakunishinda. Sasa nimeshindwa na ninyi, wa upande wangu?"

Papa alisema tu kwamba Metre atalipa, kidogo kidogo, na kwamba yeye mwenyewe ataongeza anachoweza, na kwamba amekuja ili asisikie habari hii kwa watu wa bandarini.

"Minerval ya masomo ni mwezi wa tisa," Mama Leonia akasema. "Ya watoto watatu. Ile ya mudogo bado."

"Itafika."

"Andika."

Papa akaandika juu ya goti lake, akasaini. Boti ya kurudi ilikuwa kesho yake, na Mama Leonia hakuturuhusu tulale bandarini. Alitupikia maharagi yale yale. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile, na kilikuwa kizuri.

Tulirudi, na sasa ndipo jibu la Noela linapoanza, maana ilibidi tuchague tena, na wateja wapya walikuwa wanaleta feza zao kila wiki, nazo zililala tena ndani ya sanduku.

Banki ya kwanza ilituita yenyewe. Ilikuwa kubwa, mpya, na jerant wake, yaani mkubwa wake, alikuwa mtu mwenye adabu sana. Alikuwa amesikia shida ya Metre. Muji wetu ni mdogo. Akaja biro na tabasamu na karatasi. Akasema: leteni konti ya wateja kwangu, na mimi nitamkopesha Metre kiasi cha kumlipa yule mama wa Moba mara moja, yote, wiki hii. Metre atairudishia banki polepole. Kila mtu atapumua.

Niwaambie ukweli: nilifurahi kuliko Metre. Nilikuwa bado naona vile vidole kwenye ungo. Nilitaka Metre asaini hata kabla jerant hajamaliza soda yake.

Metre alinipa kontra ile, mkataba wa banki, niipige kopi. Kupiga mashine kuna faida moja ambayo vijana wa leo wa kupiga picha karatasi kwa telefone mmeipoteza: kila neno linapita katika vidole vyako. Ukurasa wa sita, mstari wa katikati, vidole vyangu vikasimama. Ilisema kwamba mkopo usipolipwa kwa wakati, banki itaweza kuchukua deni lake kutoka konti yoyote iliyofunguliwa na kabine.

Nikainuka na karatasi. "Metre, hii konti yoyote, ni hata ya wateja?"

Akasoma. "Ni maneno ya desturi, Agnesi. Wanaandika hivyo kila mahali."

"Lakini ni hata ya wateja?"

Papa Sebastiani alikuwa anafunga madosie kwa uzi. Aliacha kufunga. Tangu Moba alikuwa hasemi kitu juu ya banki. Aliona hana haki tena.

Metre alirudi kwa jerant siku ile ile kuomba mstari ule ufutwe. Jerant akatabasamu vizuri vile vile, akasema bila mstari huo mkopo haupo. Metre akarudi, akakaa chumbani kwake mlango wazi, ametazama nje, barua ya Mama Leonia ya kuulizia minerval iko mezani. Niliogopa. Nilijiuliza mimi ni nani, mpiga mashine, kumzuilia mjane feza za watoto wake kwa sababu ya mstari mmoja. Karibu niende nimwambie asaini tu.

Akaniita. "Agnesi, feza za wateja sasa ni za watu wangapi?"

"Kumi na tisa, Metre."

"Nisomee."

Nikafungua kitabu nikaanza. Muzee wa Kabimba, fidia ya mguu. Mama wa Lubuye, nusu ya nyumba baada ya talaka. Mapacha wawili wa Kabalo, urithi wa mama yao. Mvuvi aliyeibiwa mota ya mtumbwi, mwizi amerudisha nusu. Mulimaji mmoja wa Kiambi, feza za ng'ombe wake waliouawa. Nilipofika wa sita Metre aliinua mkono.

"Inatosha. Siwezi kumlipa yule mama kwa feza za hawa."

Kesho yake aliuza gari. Lilikuwa la mtumba, alikuwa nalo mwaka mmoja na nusu, na alilipenda mpaka aibu. Alikuwa akilifuta kwa leso ya suti yake. Minerval ya Moba iliondoka na boti ya wiki ile. Avoka wetu akawa anaenda tribinali kwa miguu, toga, joho lake la tribinali, imekunjwa kwapani, vumbi mpaka magotini, na wenzake wenye magari wakimpigia honi. Miaka hiyo alikonda vizuri. Daktari alimsifu.

Ikabaki kupata banki. Safari hii Metre alimlazimisha Papa Sebastiani kwenda naye, nami nikawafuata na kitabu. "Wewe njo unajua tulikosea wapi," alimwambia. "Mimi nitauliza ya avoka. Wewe uliza ya muntu aliyepoteza."

Ile ya karibu na bandari ilikuwa na dirisha moja, feni moja, na ngazi ya nje ambayo hata leo haijatengenezwa. Jerant alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye asili ya Kabalo, aliyeongea akiendelea kugonga mihuri. Papa Sebastiani aliketi mbele yake na karatasi aliyoiandika nyumbani, akauliza kama polisi.

"Metre akikufa kesho, watoto wake watakuja kudai hizi feza?"

"Tukiandika kwa jina la konti kwamba ni feza za wateja, hapana."

"Metre akiwa na deni kwenu, mutakata hapa?"

"Nitawapa barua kwamba hatukati."

"Ya muhuri?"

"Ya muhuri, Papa."

"Muteja akileta dola, atachukua dola? Ao mutamupa franga za hapa kwa bei yenu?"

"Tutafungua mbili, ya dola na ya franga. Lakini dola zilizochanika sipokei, hata mukilia."

Papa akakunja karatasi, kisha akauliza lile ambalo halikuandikwa. "Na ninyi mukifunga mulango?"

Mama jerant akaacha mihuri. Nadhani ndipo alipotutazama mara ya kwanza.

"Siwezi kukuapia," akasema. "Wakaguzi wanatoka Kinshasa wanatazama vitabu vyetu, nitakuonyesha karatasi yao. Zaidi ya hapo, feza ya muntu isilale hapa siku nyingi kuliko kesi yake. Ikimalizika, mumupe. Hivyo, hata siku ikiwa mbaya, ubaya utakuwa mudogo."

Yule wa tabasamu alikuwa ametuahidi usalama wote wa dunia. Huyu alitupunguzia, na Papa akamwamini kwa sababu hiyo. Tulipotoka kwenye ile ngazi alisema, "Hapa," na Metre akasema, "Hapa."

Hawakutoa faida hata kidogo. Gharama za konti zilikuwa juu kuliko za wengine, na Metre aliamua zilipwe na kabine, siyo na mteja, kama ilivyo mpaka leo. Msije mkabadilisha hilo mkiona ni feza nyingi. Ilitakiwa pia sahihi mbili kwa kila kutoa, ya avoka na ya mtu mwingine. Wote tulimtazama Papa Sebastiani. Yeye akanionyesha mimi.

"Jina langu limechoka," akasema. "La Agnesi ni zima."

Nilisaini kwenye kadi ya banki. Nilikuwa na umri wa kupoteza vitu, si wa kulinda.

Haukupita mwaka, konti ile ilijaribiwa. Mwenye nyumba tuliyopanga zamani alitushitaki kwa kodi aliyosema hatukulipa, na akapata hukumu ya haraka kabla Metre hajajitetea. Wisie, yule ofisa wa tribinali anayefunga mali za mdaiwa, akaingia banki na karatasi ya kufunga feza zote za kabine Kalunga. Mama jerant alinipigia simu. Nilikimbia kutoka biro mpaka bandarini, viatu mkononi, watu wakiniuliza nani amekufa.

Nilimkuta wisie ameweka karatasi yake kwenye dirisha na mama jerant ameweka barua yake pembeni. Walikuwa wanasoma, kila mmoja ya mwenzake.

"Hii ya kabine, funga," mama jerant alikuwa anasema. "Hii ya pili, haiko ya kabine. Soma jina."

"Lakini avoka njo anasaini."

"Anasaini kama muchungaji wa ng'ombe za watu. Ukikamata muchungaji, utakula ng'ombe?"

Wisie alikuwa mtu wa haki, lakini mwenye haraka. Alisoma barua mara ya pili, akatazama muhuri, akatazama jina la konti. Kisha akaandika kwenye karatasi yake namba moja tu. Ile ya kabine ilifungwa miezi mitatu mpaka Metre aliposhinda rufaa, na miezi hiyo tulikula dagaa bila mafuta. Lakini jioni ile mulimaji wa Kiambi alifika na mfuko wake wa nailoni kuchukua feza za ng'ombe wake, nikamwambia aje kesho asubuhi, na kesho asubuhi akalipwa zote. Hakujua kitu. Alilalamika mstari ni mrefu. Nilitamani kumkumbatia.

Mama Leonia alilipwa kwa miaka miwili na kidogo. Kila mwanzo wa muhula alikuja mwenyewe kutoka Moba na boti, akahesabu, akasaini, akaondoka. Alikuwa na adabu, lakini hakukaa hata mara moja kwenye kiti tulichompa. Papa Sebastiani aliongeza chake kila mara, kidogo, na aliomba tusimwambie kwamba ni chake. Kisha miguu ikaanza kumvimba, akaacha kazi, akabaki kwake Lubuye. Karatasi za ulezi nazo zilitoka wakati huo, zikiwa zimechelewa kama wageni wa harusi.

Siku ya malipo ya mwisho Metre alikuwa ametoa kiasi kikubwa, ili amalize. Nilimpa Mama Leonia bahasha. Akahesabu zote juu ya meza, taratibu, mara mbili. Akazigawa mafungu mawili. Fungu dogo akalitia ndani ya kitambaa chake. Kubwa akalisukuma kuelekea kwangu.

"Hizi ni za mudogo," akasema. "Wale wakubwa nimewamaliza, mmoja yuko fundi, mmoja ameolewa, wa tatu anamaliza masomo mwaka huu. Huyu mudogo bado ni mutoto. Kule Moba nikikaa nazo, kila shida ya ukoo itazijua. Muziweke."

Sikuelewa. "Kwetu, mama?"

"Ninyi munajua sasa kupoteza ni nini." Akafunga fundo la kitambaa. "Lakini kwanza nione ile banki. Na yule Papa aje. Mimi siweki bila yeye."

Nilimtuma mwenye moto, yaani dereva wa pikipiki, kwenda Lubuye. Papa Sebastiani alifika baada ya saa nzima, akishuka kwa kushikwa, shati limepigwa pasi na kufungwa mpaka shingoni, amechelewa kwa sababu alikataa kutoka bila kunyoa. Walisalimiana mlangoni.

"Papa, umekonda."

"Nimezeeka, mama. Watoto?"

"Wanakula."

Tulienda wote watatu. Mstari ulikuwa mrefu kama kawaida. Watu walipoona miguu yake walimpisha apite mbele, naye akakataa. Akasema amekuja kama wengine na atangoja kama wengine. Mama Leonia akasimama nyuma yake, mimi nyuma ya Mama Leonia. Alikuwa anatazama kila kitu: feni, dirisha, barua ya wakaguzi iliyobandikwa ukutani. Alimuuliza Papa maneno, na Papa alimjibu kwa sauti ndogo, na sikusikiliza kwa sababu hayakuwa yangu.

Tulipofika dirishani, karani aliuliza feza ni za nani. Papa Sebastiani alifungua mdomo, kisha akaufunga, akasogea pembeni kumpisha mama ajibu mwenyewe.

"Za mutoto wangu," akasema Mama Leonia, akataja jina lake lote, na la babake.

Karani akagonga muhuri, akampa bordero, ile karatasi ya kuonyesha umeweka. Aliisoma mpaka chini, akaikunja, akaitia kifuani. Mimi ilinibidi kungoja kopi ya kabine, na mashine ilikuwa imegoma. Kwa hiyo niliwaona kupitia mlango uliokuwa wazi. Juu ya ngazi ile mbovu Papa Sebastiani alisita, akitafuta pa kuweka mguu. Mama Leonia akarudi hatua mbili, akampa mkono.

"Shika, Papa. Polepole."

Walishuka hivyo, ngazi kwa ngazi, mpaka kwa mama muuza chai ng'ambo ya barabara, na hapo wakaketi wote wawili kwenye benchi moja. Papa akaanza kupapasa mifuko kutafuta feza ya chai, Mama Leonia akikataa kwa mkono, Papa akizidi kupapasa. Karani aliniita kwamba kopi iko tayari. Nilimwambia anisubiri kidogo.